Kwa nini glichi nyingine zinanoga na nyingine zinakata stimu?

Padi_Mbovu:
Wakuu habari za jioni. Jana dogo alikuwa anacheza gemu la mpira hapa sebuleni, kipa wa wapinzani akazama kwenye nyasi mpaka shingoni, kimebaki kichwa tu kinafuata mpira huku na huku, tulicheka mpaka bi mkubwa akatoka chumbani kuuliza kuna nini. Ila wiki hiyo hiyo gemu langu la misheni likaganda kabla halijasevu, jioni nzima imeenda na maji, nikazima TV nikalala bila hata kula. Sasa zote si glichi tu, yaani hitilafu za gemu? Mbona moja tunaisimulia kwa raha na nyingine inauma vile? Na wanaotengeneza huwa wanaziona au zinawapita?

Mjomba_wa_Stiki:
Mkuu nyingine wanaziona na wanaziacha makusudi kabisa. Chukua Space Invaders ya 1978, wale wavamizi wanavyozidi kupungua ndo wanavyozidi kukimbia, watu wanadhani ilipangwa tangu mwanzo, kumbe mashine ilikuwa inalemewa kuwachora wote, ukiwaua inapata nafuu na gemu linaongeza kasi. Nishikado aliyelitunga akaona hiyo ndo inaleta presha, akaiacha. Na yule Creeper, dubwana la gemu la Minecraft anayekuja kulipuka mgongoni kwako, jamaa aliyetunga gemu alikuwa anatengeneza nguruwe, vipimo vya kimo na urefu wa mwili vikabadilishana, likatoka dubwana limesimama wima. Leo ndo sura ya gemu lenyewe! Gemu la Skyrim nalo, jitu likikutwanga rungu unapaa mawinguni, ile ni hitilafu na waliibakiza maana inachekesha.

Konsoli_Queen:
Mi naona inategemea imekuchukulia nini. Kipa kuzama kwenye nyasi hakukuchukulia kitu. Ila fikiria wale mabingwa wa Pac-Man, mtu kapambana mpaka leveli ya 256, hesabu ya leveli ilitengewa nafasi ya kufika 255 tu, ikizidi hapo inarudi sifuri na mashine inachanganyikiwa kwenye kuchora matunda, nusu ya kulia ya skrini inajaa herufi na takataka, vidonge vya kula havitoshi, huwezi kumaliza hata uwe na mikono ya dhahabu. Hapo umefanya kila kitu sawa na gemu ndo limekuangusha, lazima iume.

Mjomba_wa_Stiki:
@Konsoli_Queen hapo nakubali, ila kuna watu hiyo 256 ndo wanaitafuta, kuifikia tu kwao ni heshima kubwa.

Seva_Imelala:
Kuna ile ya World of Warcraft, gemu la mtandaoni ambalo watu wengi wanacheza pamoja, Septemba 2005, bosi (adui mkubwa) anaitwa Hakkar anakupiga ugonjwa wa damu, ulitakiwa uishie mle mle ndani kwake, sasa wanyama wa wachezaji wakatoka nao mpaka mijini. Wenye leveli ndogo wanakufa papo hapo, mitaa imejaa mifupa, wengine wanajitolea kutibu wenzao, wengine wanausambaza kusudi. Blizzard ikabidi wazime na kurudisha seva upya. Mpaka watafiti wa magonjwa ya mlipuko waliandika kuhusu ile, maana watu walikuwa na tabia zao halisi kabisa. Ukiwa peke yako glichi ni hasira, mkiwa wengi inakuwa stori ya mtaa mzima.

Padi_Mbovu:
Shukrani sana wakuu, hii ya Hakkar sikuwahi kuisikia kabisa. @Konsoli_Queen umegusa penyewe, kilichoniuma ni ile jioni. Ila gemu nalipenda bado, kesho naanza misheni upya na safari hii nasevu kwenye nafasi mbili.