Naomba ushauri: Tabora 1916, niandike juu ya jenerali ao juu ya wapagazi?

Jambo bandugu na badada, munisaidie kidogo. Niko hapa Bukavu naandika TFC (kazi ya kumaliza masomo) ya historia juu ya Force Publique (jeshi la Congo ya Wabelgiji) mu vita ya kwanza ya dunia na nimekwama. Jenerali Tombeur, mukubwa wa jeshi hilo, aliligawa kupiga Wajerumani wa Afrika Mashariki: ofisa wake Molitor akapita Kigali mpaka Ziwa Victoria, ofisa mwingine Olsen akachukua Kigoma mwezi wa 7 akafuata reli ya kwenda Tabora, na Tabora (leo Tanzania) ikaanguka tarehe 19/9/1916. Sawa. Lakini risasi, unga, chumvi, karibu vyote vilibebwa ku kichwa, na mpagazi naye anakula njiani, kadiri munaenda mbali ndo mzigo unaisha mu tumbo yake (hapo ndo hesabu ya majenerali inakataa). Hata Waingereza wa jenerali Crewe, waliopigana upande wa Wabelgiji, kutoka Mwanza walichelewa ju ya shida ya chakula.

Prof anasema niache wapagazi niandike maamuzi ya Tombeur tu, mi naona haiachani. Vitabu nilivyopata maktaba vinahesabu mapigano basi.

Sasa: reli ilimusaidia Olsen kweli ao madaraja yalikuwa yameshavunjwa? Na nani anajua wazee wa Uvira ao Kalemie wenye babu zao walibeba mizigo ile, niende niwaulize?