Mjadala: Mhadhiri apandishwe cheo kwa idadi ya kunukuliwa?

Mwanzisha mada

Wakuu, salaam. Hili suala limenong'onwa sana kwenye vikao vya idara, acha tulizungumze wazi. Wapo wanaotaka mhadhiri anayeomba kupanda daraja aambatanishe idadi ya mara alizonukuliwa pamoja na kipimo chake cha h, na asiyefikisha asubiri. Mimi napinga.

Kwa asiyekijua, kipimo cha h kilipendekezwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Unapanga makala zako kuanzia iliyonukuliwa zaidi, kisha unatafuta idadi kubwa kabisa ya makala ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara idadi hiyohiyo. Tuseme zimenukuliwa mara 90, 41, 12, 5, 4 na 1. Nne za mwanzo zote zimefikisha mara 4, ya tano haijafikisha 5, basi h yako ni 4. Hiyo ya 90 hata ingenukuliwa mara 900, unabaki palepale.

Hirsch alitaja h ya kama 12 kwa profesa mshiriki na 18 kwa profesa kamili, ila alikuwa anawazungumzia wanafizikia wa vyuo vikubwa vya utafiti. Sisi tunaibeba namba hiyo mzimamzima kwenda kumpimia mtu wa fonolojia ya Kimakonde. Wanaoandika fonolojia ya Kimakonde duniani kote ni wangapi hadi wamnukuu?

Mtafiti wa afya

Mkuu, naomba nitofautiane nawe. Umetaja ubaya wa namba, hujataja kilichokuwepo kabla yake: mkubwa wa idara na kabati lake la mafaili. Nimeona watu wenye kazi nzuri faili zao zikilala humo kwa sababu tu hawaivi na fulani. Namba haina shemeji. Akija binti mdogo na nukuu zake mkononi, mtamzungusha kwa kisingizio gani?

Mwanzisha mada

Haina shemeji, lakini ina maswahiba. Kuna vikundi vya ninukuu nikunukuu, na kuna wapitiaji wa makala wanaodai kazi zao ziingizwe kwenye marejeo ndipo wapitishe. China ilikuwa na vyuo vinavyolipa fedha taslimu kwa kila makala iliyochapishwa kwenye majarida makubwa. Februari 2020 serikali yao yenyewe ikapiga marufuku.

Halafu kuna makala zinazoandikwa na kundi kubwa la watu kwa ushirikiano. Mwaka 2015 timu za ATLAS na CMS za maabara ya fizikia ya CERN zilichapisha makala kuhusu uzito wa chembe ya Higgs ikiwa na waandishi 5,154. Kurasa 33, na 24 kati ya hizo ni majina ya watu na taasisi zao! Silaumu, mtambo ule hauendeshwi na mtu mmoja. Ila makala hiyo ikinukuliwa mara moja, kila mmoja wa hao elfu tano anaandikiwa nukuu nzima.

Mhadhiri wa Kiswahili

Nami niseme la kwetu. Ukiandika makala kwa Kiswahili, wanaoitumia zaidi ni wanafunzi wa umahiri. Tasnifu zao zinajalidiwa, zinapangwa rafuni, na nyingi haziingii mtandaoni. Mle ndani umenukuliwa ukurasa baada ya ukurasa, kwenye mashine zinazohesabu nukuu mtandaoni huonekani. Mwenzako akiandika jambo lilelile kwa Kiingereza, hata kwa wepesi, nukuu zinamiminika. Mkipitisha hili mtakuwa mmetuambia tuache kuandika kwa lugha tunayoifundisha.

Mtafiti wa afya

Hapo kwa Kiswahili nimekuelewa, sibishi. Kuhusu ushirikiano, hata sisi tunaumia. Unakusanya sampuli vijijini, unabembeleza wazazi, makala inatoka jina lako likiwa la tisa kati ya kumi na nne, au umewekwa kwenye shukrani. Katika fani yetu wanaoheshimika ni wa kwanza na wa mwisho. Bado nasema namba ibaki, ila ihesabu nafasi ya jina.

Mwalimu wa hisabati

Nafasi ya jina? Kwetu majina hupangwa kwa alfabeti. Abdallah atakuwa profesa, Zuberi atastaafia uhadhiri.

Mwanafunzi wa uzamivu

Mbona hamumtaji mwanabiokemia Katalin Karikó? Alishushwa cheo Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 1995, na mwaka 2023 akapata Nobel kwa kazi iliyowezesha chanjo za mRNA. Namba zingemtupa nje.

Mtafiti wa afya

Dogo, mfano huo unanisaidia mimi. Karikó alikwama kwa kukosa ruzuku za utafiti, na ruzuku huamuliwa na kamati za watu waliosoma maombi. Mkiitupa namba mtarudi kwa wasomaji kama hao, na ndio waliomkataa.

Mwanzisha mada

Hoja nzito hiyo, nakubali kamati nazo hukosea. Lakini kamati iliyosoma unaweza kuikatia rufaa kwa hoja. Namba utaikatia rufaa wapi? Pendekezo langu: mwombaji achague kazi tano, aeleze kila moja imebadilisha nini, na wasomaji wawili wa nje wazisome. Namba ziwepo pembeni, zilinganishwe ndani ya fani moja tu. Azimio la San Francisco la 2012 na Manifesto ya Leiden ya 2015, matamko mawili ya wanataaluma kuhusu namna ya kupima utafiti, yanaelekea hukohuko.

Mkutubi

Sawa, ila waombaji thelathini kwa kazi tano ni makala na vitabu 150. Hao wasomaji wa nje mtawalipa kwa fungu gani, na mtawapa muda gani? Mnaoingia kwenye kamati za bajeti, tujibuni hilo kwanza.