Potasiamu kwa mizabibu: MOP, SOP au nitrati?

ShinaLaMzabibu: Wadau, msimu huu majani ya katikati ya tawi yaligeuka manjano pembezoni, yakakauka na kujikunja. Vichala navyo viliiva vibaya, punje mbivu na mbichi pamoja. Vikonyo vya majani vilivyopimwa wakati wa maua vilisoma potasiamu 0.8%. Niweke mbolea ya MOP (kloridi ya potasiamu), SOP (salfeti ya potasiamu) au nitrati ya potasiamu?

Bwana_Matone: Hiyo ni njaa kabisa, mkuu. Wakati wa maua tunataka walau 1.5%. MOP ina K2O (kipimo cha potasiamu kwenye mbolea) 60%, lakini karibu nusu ya uzito wake ni kloridi, na mzabibu haupatani na kloridi. Ukimwagilia kwa matone, chumvi hurundikana palepale kwenye mizizi. Kingo za majani zinaungua, unadhani ni upungufu uleule, unaongeza tena! Mimi ni SOP tu: K2O 50%, na salfa juu yake.

MamaVichala: Msiitupe MOP jamani. Udongo ukiwa unapitisha maji vizuri na mvua ni ya kutosha, iweke baada ya mavuno. Mvua itaosha kloridi kabla ya machipukizi, potasiamu yenyewe ibaki imeshikwa na udongo. Penye maji ya chumvi, hapo nakubaliana na Bwana Matone.

Punje7: Nitrati (13-0-46, yaani naitrojeni 13%, fosforasi 0, K2O 46%) inayeyuka upesi, lakini ina naitrojeni. Mizabibu yenye nguvu itakimbilia majani na kufunika vichala. Punje zikianza kubadilika rangi, usiiguse.

ShinaLaMzabibu: Shamba ni mfinyanzi, namwagilia kwa matone, na maji yana chumvi kidogo. Zabibu ni za mvinyo.

Bwana_Matone: Basi SOP. Mfinyanzi huikamata potasiamu, kwa hiyo usitawanye shamba zima. Iweke kwa mkanda mwembamba chini ya mstari wa matone.

MamaVichala: Na upime vikonyo tena kabla ya kuongeza. Potasiamu ikizidi, mzabibu hukosa magnesiamu, na pH ya juisi hupanda, yaani uchachu wake hupungua. Mvinyo wa namna hiyo hufifia rangi na hauhifadhiki vizuri.

ShinaLaMzabibu: Naweza kuipitisha kwenye mabomba?

Bwana_Matone: Ya chembechembe, hapana, izike ardhini. Ya unga laini inapita, ila huyeyuka taratibu: lita moja ya maji ya nyuzi 25 haibebi zaidi ya gramu 120 hivi. Ikoroge kwenye ndoo, iache ituame, chuja. Na usiichanganye na nitrati ya kalsiamu kwenye tanki moja, itaganda jasi na kuziba matundu yote.