Kitovu cha uzito wa mwili kwa kamera ya simu: katikati ya nyonga yatosha?

KijanaWaKisauni: Assalaam aleikum wakuu. Mradi wangu wa mwaka wa mwisho: kuona hamali wa Marikiti anavyojizuia asianguke na gunia mgongoni. Nina simu moja na MediaPipe, ile programu inayotoa nukta 33 za mwili kwenye picha. Nataka kitovu cha uzito, yaani pale uzito wote wa mwili unapolingana, kwa kila picha. Jamaa aniambia nichukue katikati ya nyonga mbili, basi. Yatosha?

BintiMvita: Waaleikum salaam. Kwa mtu aliyesimama wima, yakaribia. Kitovu huwa kama 55% ya kimo chake kutoka chini. Lakini hamali ameinama! Mtu akiinama sana kitovu chaweza kutoka nje ya mwili kabisa. Gawanya mwili vipande. Kwa hesabu za mtafiti Dempster (1955), kichwa na kiwiliwili ni 57.8% ya uzito, kila paja 10%, muundi 4.65%, wayo 1.45%, mkono wa juu 2.8%, kigasha 1.6%, kiganja 0.6%. Kitovu cha paja kiko 43.3% ya urefu wake kuanzia nyonga. Vitovu vya vipande vingine utavikuta kwenye jedwali lake. Zidisha mahali pa kila kitovu kwa sehemu yake ya uzito, ujumlishe.

Yakhe_Likoni: Dempster alikata maiti za wazee wanane wa Marekani, yakhe. Afadhali jedwali la mtafiti de Leva la 1996, ingawa nalo latokana na vijana wa Urusi. Na gunia je? Kilo 50 juu ya mtu wa kilo 65, hicho ni kipande kikubwa kuliko kiwiliwili! Lipime, litie alama katikati, liingie kwenye hesabu.

KijanaWaKisauni: Sawa. Nitahakikishaje majibu bila vyombo vya maabara?

BintiMvita: Ubao na mizani ya bafuni. Egemeza ncha moja juu ya mizani, nyingine juu ya kigongo (kijiti cha kuegemezea), rudisha mizani sufuri, kisha mtu alale. Kilo za mizani mara umbali kati ya egemeo mbili, mizani na kigongo, gawa kwa uzito wake: huo ndio umbali wa kitovu kutoka kigongoni. Kilo 30, mita 2, mtu wa kilo 60: mita 1. Mpige picha hapo hapo, ulinganishe.

FundiPicha: Simu ikae usawa wa kiuno, apite mbele yake kwa ubavu, si kuijia. Ule umbali wa kina (mbele-nyuma ya picha) wa MediaPipe ni makisio tu, usiujengee hoja. Kikoi kitaficha magoti, omba wavae kaptula. Na uombe ruhusa yao kwanza, wale watu wako kazini.

KijanaWaKisauni: Shukran. Ubao ninao. Nani ana tripodi ya kuniazima, Kisauni au Nyali?