Mjadala: Serikali inunue mabasi tena, au UDA na KAMATA zilishatufundisha?

Mtoa Mada

Wakuu, kila mwendokasi, yaani mabasi ya haraka ya Dar es Salaam yenye njia yake, ikikwama na watu wakafurika kituoni Kimara, hoja ni ileile: serikali inunue mabasi na iyaendeshe yenyewe. Wapinzani wanajibu kwa neno moja, "UDA", lile shirika la umma la mabasi ya jiji, wakiamini wamemaliza kazi.

Kwa asiyeijua historia: Dar es Salaam Motor Transport, yaani DMT, ilikuwa kampuni ya Waingereza. Ilitaifishwa 1970, miaka mitatu baada ya Azimio la Arusha. Mwaka 1974 ikagawanywa, UDA ikabaki na jiji, KAMATA ikapewa safari za mikoani. Huko mikoani kulikuwa pia na kampuni za uchukuzi kama KAUDO ya Dodoma na KAURU ya Ruvuma. Ilipofika 1983 UDA ilikuwa imezidiwa, serikali ikaruhusu mabasi ya watu binafsi yafanye kazi jijini kwa leseni za chini ya UDA, yakiilipa ada. Daladala zilizokuwa zikikimbizana na polisi zikapata karatasi.

Msimamo wangu: mashirika haya yaliuawa na nauli ya kupangwa na ukame wa fedha za kigeni. Hata yangekuwa ya tajiri binafsi yangekufa.

Spana19

Mkuu, umeiruka gereji. Tuanzie hapo.

Basi A limekufa pampu ya dizeli. Pampu mpya inahitaji kibali cha fedha za kigeni kutoka Benki Kuu, na miaka ile baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika 1977, vita ya Kagera na mafuta kupanda bei 1979, kibali hakikuwa cha wiki wala mwezi. Pembeni limelala basi B, linasubiri klachi. Fundi ananyofoa pampu ya B anaifunga A. A linatoka, meneja anafurahi. Klachi ya B ikifika, B halina pampu. Baada ya muda linanyofolewa na betri, kisha matairi, kisha kioo cha mbele, na hapo tena si basi, ni stoo iliyo juu ya mawe. Kwenye karatasi limeandikwa "linasubiri kipuri", na kwenye taarifa ya mwaka linahesabiwa kama mali ya shirika.

Athari haiishii hapo. Mwendeshaji anahitaji akiba ya basi moja hivi kwa kila kumi, ili mengine yaingie sevisi kwa zamu. Yakilala matatu kwa kumi, yaliyobaki yanapigishwa safari za ziada na sevisi inaahirishwa. Abiria wananing'inia mlangoni, majani ya springi yanakatika upande wa kushoto kwanza kwa sababu mlango uko huko, breki zinakwisha kabla ya muda, klachi inaungua kwa kusimama na kuondoka. Yale mabasi marefu ya Ikarus ya kuunga ndiyo balaa zaidi: matairi kumi badala ya sita, na ile sehemu ya katikati inayojikunja ikilegea, basi zima linalala.

Mtoa Mada

Sasa si umenithibitishia? Tatizo ni fedha za kigeni.

Spana19

Hapana. Kuanzia 1984 serikali iliruhusu mtu kuagiza bidhaa kwa dola zake mwenyewe bila kuulizwa kazipata wapi. Wenye fedha nje walileta pikapu, wakazifunga mabenchi ya kutazamana, hizo ndizo chai maharage. UDA haikuwa na dola nje, na meneja wake asingethubutu kuwa nazo. Ukame ulikuwa mmoja, lakini binafsi alichimba kisima na shirika likakatazwa jembe. Huo ni umiliki, ndugu yangu, usiukwepe.

Mpiga Hesabu

Nyote wawili mmeacha uchakavu, yaani fedha inayotengwa kila mwaka ili basi likichakaa linunuliwe lingine, na ndio uliomaliza kila kitu kimyakimya.

Tuseme basi lilinunuliwa 1980 kwa dola 50,000. Bei hiyo ni ya mfano, ila viwango vya kubadilisha fedha ni vya kweli. Dola ilikuwa takribani shilingi 8, kwa hiyo vitabuni basi ni shilingi 400,000. Mhasibu anatenga uchakavu wa miaka 10, shilingi 40,000 kila mwaka, safi kabisa kwa mujibu wa taratibu. Mwaka 1990 mfuko una shilingi 400,000 zake, kama hakuna aliyezigusa. Dola sasa ni kama 195. Basi lilelile linataka shilingi 9,750,000. Akiba yote ya miaka 10 inanunua bidhaa za dola 2,050 hivi. Matairi na betri, ukibahatika.

Na nauli ilipangwa kwa kutazama gharama hizohizo za vitabuni. Kwa hiyo shirika lingeweza kuonyesha faida mwaka hadi mwaka huku likiuza mabasi yake kwa abiria, kipande kwa kipande.

Mkaazi wa Eastlands

Jameni, hayo ya uchakavu ndiyo yalitumaliza Kenya. Nyayo Bus, mabasi ya serikali, ilianza 1986, vijana wa NYS, yaani huduma ya vijana kwa taifa, ndio madereva na makondakta, nauli chini ya ile ya matatu, hizo daladala zetu. Mabasi yalikuwa ya msaada kutoka nchi za Ulaya. Basi la bure halina deni, kwa hivyo kila shilingi ya tiketi inaonekana faida. Na msaada wa nchi kadhaa maana yake aina kadhaa za injini: filta hii haiingii ile, stoo inajaa vipuri na bado kile unachotaka hakipo. Kufikia katikati ya miaka ya 90 hakukuwa na kitu.

Dada wa Mbagala

Mnaongea kama abiria hayupo. Daladala inaendeshwa kwa hesabu: dereva na konda wanampelekea tajiri, yaani mwenye gari, kiasi maalumu kila siku, wanajaza mafuta, kinachobaki ndicho chao. Ndiyo maana mwanafunzi wa nusu nauli anazuiwa mlangoni, gari halitoki mpaka lijae, na jioni ruti inakatishwa. Konda wa mshahara hana sababu ya kufanya hayo.

Mpiga Hesabu

Dada, ana sababu nyingine. Karani anaandika namba ya tiketi ya kwanza na ya mwisho. Konda anamwomba abiria anayeshuka amrudishie tiketi, anaiuza tena kituo kinachofuata. Namba zinalingana, fedha hazipo. Mkaguzi anamkamata kwa njia moja tu: kupanda katikati ya safari na kulinganisha kituo kilichotobolewa kwenye tiketi na alipopandia abiria.

Mtoa Mada

Basi tuje kwenye mwendokasi, maana ndiyo inayobishaniwa leo. Ilianza Mei 2016 na mabasi 140, mtoa huduma akiwa wa mpito.

Spana19

Na depo ikajengwa Jangwani, bonde la Msimbazi, ambako mafuriko hayana ugeni. Maji yakifika ekseli yanaingia difu, lile boksi la gia la ekseli ya nyuma, kupitia tundu la kupumulia. Ukimwaga oili inatoka nyeupe kama chai ya maziwa. Kuiosha si kazi kubwa, lakini beringi za magurudumu, stata, oltaneta na boksi la kompyuta ni hadithi nyingine. Mabasi yenyewe milango yake iko kulia kufuata vituo vya katikati ya barabara, huwezi kuazima daladala ya Mbagala kwenda Mwenge ikaziba pengo.

Mpiga Hesabu

Ndiyo maana nasema umma umiliki depo, barabara na vipuri vya miezi sita, fedha za nauli ziingie akaunti ambayo mwendeshaji haigusi, naye alipwe kwa kilomita alizotembea. Ukimlipa kwa abiria atawashindilia. Ukimlipa kwa kilomita tupu atazungusha mabasi matupu saa nane mchana na kukosekana saa kumi na mbili asubuhi, kwa hiyo kilomita ya asubuhi ilipwe zaidi na safari iliyokosekana ikatwe.

Dada wa Mbagala

Na dola ikipanda?

Mpiga Hesabu

Malipo ya kilomita yapande nayo kila robo mwaka, kwa kanuni iliyo ndani ya mkataba. Nauli ikibaki chini kwa amri, pengo lilipwe na bajeti, liandikwe na Bunge lilione.

Spana19

Hapo kwenye bajeti ndipo tutakapoachana, mkuu. Malipo yakichelewa miezi mitatu, kitu cha kwanza mwendeshaji atakachosimamisha ni sevisi.