Boksi la sabufa kwenye Hilux singo kebini: lifungwe kabisa au liwe na tundu?

Kibirizi_K
Wakuu, habari za jioni. Nina Hilux singo kebini, inasomba dagaa kutoka Kibirizi hapa Kigoma kwenda Kasulu. Nataka boksi la sabufa nyuma ya kiti, spika moja ya inchi 10. Nafasi nimeipima: urefu sm 120, kimo sm 35, kina chini sm 20 na juu sm 12, maana mgongo wa kiti umelala. Fundi mmoja hapa Mwanga anataka boksi lililofungwa kabisa. Mwingine anasema bila tundu sitasikia besi. Amplifaya ni ndogo, wati 200. Mimi ni mtu wa rumba. Mdogo wangu tunayepokezana naye usukani ni singeli tupu. Nani yuko sahihi?

Fundi_Ujiji
Mkuu, funga. Kebini yako ni ndogo, na chumba kidogo chenyewe kinainua sauti za chini kabisa. Boksi lililofungwa linapoteza besi taratibu, desibeli 12 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa kila oktavu, yaani kila masafa yanaposhuka nusu, na kebini inarudisha sehemu kubwa ya kilichopotea. La tundu likivuka chini ya masafa lililopangiwa linaporomoka desibeli 24 kwa oktavu, tena huko chini koni, ile sehemu ya spika inayotikisika, haina hewa ya kuishika. Inacheza ovyo mpaka koili, waya uliozungushwa nyuma yake, inagonga.

Sasa hesabu. Ubao wa mm 18 unakula sm 3.6 kwenye kila kipimo, maana ni mbao mbili. Ndani unabaki na sm 116.4 kwa 31.4, na kina cha wastani sm 12.4. Zidisha, gawa kwa 1,000: lita 45. Spika nyingi za inchi 10 kwenye boksi la kufungwa zinaridhika na lita 14 hadi 25. Kwa hiyo boksi la urefu wa sm 70 linatosha, linakupa kama lita 26 kabla ya spika kuchukua sehemu yake, na jeki yako inabaki mahali pake.

Ila nunua spika bapa. Ya kawaida ya inchi 10 ina kina cha sm 13 na kuendelea, haiingii hapo. Halafu nijibu: ulipopima, kiti kilikuwa kimesogezwa wapi?

NgomaNzito_Tabora
Mimi natetea tundu, na sababu yangu ni hizo wati 200. Karibu na masafa ya tundu koni inatikisika kidogo sana, kazi inafanywa na hewa ya kwenye bomba. Kwa umeme uleule unapata sauti kubwa zaidi. Na rumba ni gitaa la besi: uzi wake mnene kwenye gitaa la nyuzi nne unapiga Hz 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde. Boksi la lita 35 ukilipangia Hz 38 unalipata gitaa lote. Bomba la PVC la inchi 4 likatwe sm 39, lilale chini kwa urefu wa boksi, na mdomo wake wa ndani ukae angalau sm 10 kutoka ukutani. Kwenye amplifaya washa kichujio kinachokata sauti za chini ya Hz 30. Hapo koni haigongi kitu.

Fundi_Ujiji
Hesabu yako naikubali, ndugu yangu. Lakini bomba lenyewe linakula karibu lita 4, spika nayo ina chake, kwa hiyo boksi linameza karibu sm 120 zote. Gari la mzigo njia ya Kasulu, jeki na spana zitakaa wapi? Na singeli inakimbia zaidi ya mapigo 200 kwa dakika. Pigo moja lisipokatika vizuri linafunikwa na linalofuata. Lililofungwa linakata.

Seremala_Isevya
Mnabishana lita, mbao hamjazigusa. Huku Tabora mteja akija anataka mninga, kwa sababu ndiyo fahari yetu. Kwa kitanda sawa. Kwa boksi la sabufa nakataa. Ubao mzima unatanuka masika na kusinyaa kiangazi, viungo vinaachia, na boksi linalovuja hewa halijafungwa. Chipboard, ile ya chembechembe za mbao, skrubu zinang'oka.

Zinabaki MDF na plaiwudi ya mm 18. MDF, ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa, ni nzito, haiimbi, inakatika safi. Adui yake ni maji kwenye kingo, inavimba kama andazi. Gari la dagaa lenye miguu yenye matope na mvua za Kigoma kuanzia Novemba? Mimi ningeweka plaiwudi nzuri yenye matabaka mengi. Ni nyepesi na inashika skrubu. Gundi ya mbao kila kiungo, toboa kabla ya kufunga skrubu, ndani ziba pembe kwa silikoni. Ile yenye harufu ya siki iache ikauke siku nzima, harufu iishe, ndipo ufunge spika. Mvuke wake unaweza kula gundi ya spika.

Asali_Sikonge
Jamani, na sisi wa Kirikuu, vile vigari vidogo vya mzigo?

Fundi_Ujiji
Dada, injini ya Kirikuu iko chini ya viti, na unaifikia kwa kuinua kiti. Usijenge kitu cha kudumu hapo. Tafuta sabufa bapa ya inchi 8 yenye amplifaya ndani yake, ifungwe miguuni upande wa abiria. Waya wa betri uwe na fyuzi isiyozidi sm 45 kutoka kwenye betri. Hilo na Kibirizi alisikie. Na boksi lifungwe kwa bolti: breki ya ghafla, kilo 15 zikikupiga mgongoni ni hatari. Kabla ya kutoboa sakafu, ingia chini utazame mabomba ya breki na mafuta.

Kibirizi_K
Nimepima upya, kiti kikiwa pale mdogo wangu anapokaa. Ni mrefu huyu. Chini sm 18, juu sm 10.

NgomaNzito_Tabora
Basi boksi zima linabaki lita 38, ukitoa bomba na spika lita zangu 35 hazipo. Funga, mkuu. Sm 70 zitakupa kama lita 20 safi, spika isizidi kina cha sm 8. Panga amplifaya ipeleke kwenye sabufa sauti za chini ya Hz 80 tu, za juu ya hapo ziachie spika za milangoni.