Naomba ushauri: opereta wa kompresa za gesi anastahili mshahara wa kiasi gani, na kati ya kazi ya Kusini na ya Qatar nichukue ipi?

Opereta wa Zamu (mleta uzi)

Habari za wakati huu, wakuu. Mimi ni fundi mitambo mwenye stashahada, na kwa miaka kadhaa sasa ninaendesha kompresa katika kituo cha kujaza gesi asilia kwenye magari hapa Dar es Salaam. Gesi hutufikia kwa bomba ikiwa na presha ndogo, kompresa huikandamiza kwa hatua hadi takriban bar 250, nayo huhifadhiwa kwenye mitungi kabla ya kujazwa kwenye gari kwa bar 200. Mimi ndiye ninayeiwasha mashine, kusoma vipimo vyake kila saa na kuviandika kwenye kitabu cha zamu, kutoa maji na mafuta yanayojikusanya kwenye vichujio, na kuizima pale hali inapoonekana si nzuri.

Mshahara wangu wa msingi ni shilingi 900,000, pamoja na posho ya usafiri ya 100,000. Ninafanya zamu ya saa nane kwa siku sita za wiki, na chakula ninakula palepale kwenye chumba cha vipimo, kwa kuwa hakuna wa kunipokea.

Sasa nimepata nafasi mbili. Ya kwanza ni ya kampuni ya kandarasi inayopeleka wafanyakazi kwenye mtambo wa gesi ukanda wa Kusini. Wameniandikia shilingi 2,400,000 kwa mwezi, "malipo yote yakiwa ndani yake", kwa mzunguko wa siku 28 kazini na 28 nyumbani, saa 12 kwa siku. Ya pili ni ya Qatar: riyali 4,500 kwa mwezi, ambapo mshahara wa msingi ni 2,200 na kinachobaki ni posho. Malazi na chakula ni juu ya mwajiri, mkataba ni wa miaka miwili, na kazi ni saa 12 kwa siku sita za wiki. Nina mke na watoto wawili, na nimeanza msingi wa nyumba Chanika. Nimetafuta mtandaoni viwango vya mishahara ya kazi hii, lakini karibu vyote ninavyokutana navyo ni vya Marekani, na sioni vinavyonisaidia. Naombeni mawazo yenu.

Mhasibu Mstaafu

Ndugu mleta uzi, kabla hujauliza kiwango stahiki ni kipi, ziweke kazi zote tatu kwenye kipimo kimoja, kwa sababu kwa sasa unalinganisha mshahara wa saa 48 kwa wiki, wa saa 84 kwa wiki zinazofuatwa na mapumziko, na wa saa 72 kwa wiki zisizo na mapumziko. Kipimo hicho ni malipo ya saa moja, yakifuatiwa na kiasi kinachobaki mkononi baada ya makato.

Tuanze na kazi uliyonayo. Jumla ni shilingi 1,000,000. Toa asilimia 10 ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), zinabaki 900,000 za kutozwa kodi. Kwa viwango vya sasa, kodi ya mshahara inakuwa 68,000 pamoja na robo ya kinachozidi 760,000, yaani 103,000. Mkononi unabaki na 797,000. Katika wiki nane unafanya kazi saa 384 kwa shilingi 2,000,000, kwa hiyo kila saa inakulipa takriban 5,200 kabla ya makato.

Kazi ya Kusini: kwenye 2,400,000, NSSF ni 240,000 na kodi ni 476,000, hivyo mkononi ni 1,684,000. Katika mzunguko wa wiki nane utafanya kazi saa 336 tu, ambazo ni wastani wa saa 42 kwa wiki. Ikiwa mshahara unalipwa na mwezi wa mapumziko pia, utapata 4,800,000 kwa saa hizo, yaani takriban 14,300 kwa saa. Ikiwa wanalipa siku za kazini peke yake, saa moja inashuka hadi 7,150 hivi, na ukigawanya kwa miezi miwili, huo ni mshahara wa 1,200,000. Barua uliyoinukuu haisemi ni lipi kati ya hayo mawili. Swali hilo ndilo la kwanza kuulizwa, na lijibiwe kwa maandishi.

Qatar: riyali inabadilishwa kwa kiwango kisichobadilika cha 3.64 kwa dola moja, kwa hiyo 4,500 ni kama dola 1,236. Tukikadiria dola kwa shilingi 2,500 ili kurahisisha hesabu, ni 3,090,000, na kodi ya mshahara haipo. Lakini saa 72 kwa wiki ni saa 312 kwa mwezi, hivyo kila saa inakulipa takriban 9,900. Kwa mwezi inaipita ya Kusini, kwa saa iko chini yake kwa mbali, iwapo ya Kusini inalipa mapumziko.

Mama Afisa Rasilimali Watu

Naunga mkono hesabu za mzee wangu hapo juu, na naongeza upande wa sheria, kwa kuwa neno "malipo yote yakiwa ndani yake" huficha mengi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki na tisa kwa siku. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu, kazi ya sikukuu hulipwa mara mbili, na saa za usiku, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili alfajiri, huongezewa angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Mizunguko ya wiki nne kazini na nne nyumbani inawezekana kisheria pale ambapo yapo makubaliano ya pamoja na chama cha wafanyakazi yanayoruhusu saa kukokotolewa kwa wastani. Pasipo makubaliano hayo, mwajiri anayekufanyisha kazi saa 12 kila siku anadaiwa saa za ziada, hata kama baadaye anakupumzisha. Waulize kama makubaliano yapo na uombe kuyaona.

Halafu, mdogo wangu, tazama unapofanya kazi sasa. Mapumziko ya chakula ya saa moja yanaweza yasilipwe, isipokuwa pale mfanyakazi anapotakiwa kuendelea na kazi au kuwepo tayari kwa kazi. Wewe unakula ukiangalia vipimo, kwa hiyo saa zako ni 48 kamili na tatu kati yake ni za ziada kila wiki. Mshahara wa msingi wa 900,000 ukigawanywa kwa saa 195 za kawaida za mwezi (45 kwa wiki) ni 4,615 kwa saa. Saa ya ziada ni 6,923, na kwa saa 13 za mwezi unapata 90,000. Ongeza kiasi cha 20,000 za usiku kwa zamu za kupokezana. Usipolipwa hizo, mshahara wako halisi uko chini ya unavyodhani, na hilo ni jambo la kwenda nalo kwa mwajiri wako kwa utulivu hata kabla ya kufikiria kuhama.

Fundi Valvu

Wenzangu wamezungumzia karatasi, mimi nazungumzia mashine. Hakuna bei moja ya "opereta wa kompresa", kwa sababu chini ya jina hilo wapo watu wawili tofauti. Yupo anayebonyeza, kuandika namba na kumpigia fundi simu, na yupo anayejua namba hizo zinasema nini. Nitakupa mfano mdogo. Kwenye kompresa ya pistoni, valvu ya kutolea gesi ikianza kuvuja, gesi iliyokwisha kubanwa hurudi kwenye silinda na kubanwa upya, kwa hiyo kifuniko cha valvu hiyo huwa cha moto kuliko vya jirani yake, na presha baina ya hatua hutoka kwenye mazoea yake. Opereta anayepita na kipimajoto mkononi na kulinganisha kifuniko kwa kifuniko huiona mapema, mashine ikazimwa kwa mpango na valvu ikabadilishwa mchana. Asiyepita husubiri mtambo ujizime wenyewe saa nane usiku, magari yakiwa yamepanga foleni hadi barabarani.

Kama wewe ni huyo wa pili, na unaweza pia kufungua valvu, kubadilisha ringi za pistoni na kupanga mota na kompresa zikae mstari mmoja, usijitambulishe kwa jina la opereta peke yake. Andika "opereta na fundi wa matengenezo", taja aina za mashine, idadi ya hatua, presha na saa ulizoziendesha. Katika mazungumzo ya mshahara hayo yana uzito kuliko cheti, ingawa cheti cha usalama wa kwenye mitambo ya baharini na cha kibali cha kazi za hatari hukuingiza mlangoni.

Kuhusu Kusini, kazi za kompresa hazielekei kupungua. Kisima kinavyozeeka presha yake ya asili hushuka, na gesi haiwezi tena kujisukuma yenyewe kwa kiwango kinachotakiwa mtamboni. Ndiyo sababu Songo Songo, ambako gesi iligunduliwa 1974 na kuanza kutumika 2004, kulifungwa kompresa katika mradi uliokamilika 2022. Ila ukienda huko, ujue kwamba leseni ya uzalishaji ya Songo Songo ilitolewa Oktoba 2001 kwa miaka 25. Mkandarasi anayekuajiri akuambie mkataba wako unakuwaje leseni au zabuni yake inapofika mwisho.

Mswahili wa Ras Laffan

Salaam kutoka huku Qatar. Sina nia ya kukukatisha tamaa, kwa sababu mimi mwenyewe nimejenga kwa fedha za huku, ila mkataba wako una kasoro. Sheria ya kazi ya Qatar ya 2004 inaweka saa 48 kwa wiki, na ukijumlisha za ziada isizidi saa kumi kwa siku, isipokuwa kwa dharura. Saa ya ziada huongezewa angalau robo ya mshahara wa msingi. Sasa hesabu: msingi wa 2,200 kwa mwezi wa siku 30 za saa nane ni riyali 9.17 kwa saa, pamoja na robo ni 11.46. Saa zako zinazozidi 48 ni kama 104 kwa mwezi, hizo ni karibu riyali 1,190. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya hizo "posho" za 2,300 ni saa zako za ziada zilizopewa jina jingine.

Msingi mdogo unakuumiza pia wakati wa kuondoka. Kiinua mgongo cha huku ni angalau mshahara wa msingi wa wiki tatu kwa kila mwaka. Kwa 2,200 utapata kama riyali 1,540 kwa mwaka, wakati kwa msingi wa 3,500 ungepata 2,450. Omba msingi uongezwe hata kama jumla itabaki ileile.

Nyongeza mbili za haraka. Wakala akikudai fedha za kukupeleka, achana naye, kwa kuwa sheria ya huku inamkataza kumtoza mfanyakazi. Na kabla ya kupanda ndege, peleka mkataba TaESA, ofisi ya serikali ya Tanzania ya huduma za ajira, ukakaguliwe. Kubadili mwajiri bila ruhusa ya mwajiri wa kwanza kumewezekana tangu 2020, lakini usipange safari yako kwa kutegemea hilo.

Nyamisati

Mbona hakuna aliyehesabu NSSF ya mwajiri? Kusini anakatwa 240,000, na mwajiri anaongeza 240,000 nyingine. Hizo ni 480,000 kila mwezi kwa jina lake. Qatar hakuna.

Mhasibu Mstaafu

Umenena kweli, Nyamisati. Kwa hiyo ya Kusini ni 1,684,000 mkononi na 480,000 akibani, jumla 2,164,000, dhidi ya 3,090,000 za Qatar zisizo na akiba yoyote isipokuwa kiinua mgongo. Tofauti hiyo ya 926,000 ndiyo bei ya kukaa mbali na familia na ya kufanya kazi saa karibu 144 zaidi kila mwezi, maana wastani wa Kusini ni 168. Mwenye haraka ya kumaliza nyumba anaweza kuikubali. Mimi nisingeikubali, lakini sina msingi Chanika.

Opereta wa Zamu (mleta uzi)

Nawashukuru sana wakuu. Niliwaandikia wote wawili. Wakala wa Qatar amesema msingi hauwezi kubadilishwa, na akaomba "gharama za faili". Kampuni ya Kusini imejibu kwamba mwezi wa kazi hulipwa 2,400,000 na wa mapumziko hulipwa nusu. Kuhusu makubaliano ya pamoja hawakusema kitu.

Mhasibu Mstaafu

Wa gharama za faili umekwisha kumjua. Kusini basi ni 3,600,000 kwa mzunguko, takriban 10,700 kwa saa. Mwezi wa kazi unabaki na 1,684,000 mkononi, wa mapumziko 928,000, wastani 1,306,000. Bado unaipita kazi ya sasa kwa 509,000 kwa mwezi.

Mama Afisa Rasilimali Watu

Usisaini bado. Ukimya wao juu ya makubaliano ya pamoja ndiyo nafasi yako ya kujadiliana: waambie kwamba pasipo makubaliano, saa tatu zinazozidi tisa kila siku ni za ziada, na kwa hiyo unaomba mapumziko yalipwe kwa asilimia 75 na nauli ya kwenda na kurudi iwe juu yao. Waandike pia mshahara wa msingi peke yake na kila posho kwa jina lake. Wakikataa asilimia 75, shikilia hilo la mwisho, kwa sababu bila msingi ulioandikwa hutaweza kudai saa ya ziada wala ya usiku.